Dada, Ninunue Begi la Mrija?



Msomaji mmoja wa Makorora, Tanga, ameniandikia. Yeye na wenzake wa kazini wamepanga kutembea kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae, siku tatu, wakilala njiani, kupanda na kushuka ile milima ya Wasambaa kama wanavyowaona wageni wakifanya kila mwaka. Katika kundi lao yuko mmoja aliyekwishajipatia begi lenye mfuko wa maji ndani. Mrija unatokea begani, naye anavuta maji huku anatembea. Wenzake wamemwona, basi sasa kila mtu anataka. Anauliza: ni kitu cha maana au ni cha kupigia picha tu? Halafu, chini kabisa, baada ya salamu zote, ameongeza mstari mmoja: "Ila dada, mimi safarini huwa sinywi maji kabisa, naogopa kukosa choo."

Mdogo wangu, mstari huo nimeuona, na nina maneno mengi juu yake kuliko niliyo nayo juu ya begi. Ngoja kwanza tumalizane na duka.

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Ni mfuko wa plastiki laini lakini imara, wa lita moja na nusu, mbili au tatu, unaokaa ndani ya begi upande wa mgongoni. Chini yake unatoka mrija wa mpira, unapita juu ya bega na kuishia kifuani kwenye kidomo chenye mpasuko. Ukiking'ata kidogo, mpasuko unafunguka na unavuta, ukikiachia, kinajifunga. Aliyekifanya biashara ni Mmarekani Michael Eidson, mtu wa huduma ya dharura kwenye magari ya wagonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa anaingia kwenye mbio za baiskeli za maili 100 huko Texas, kwenye joto la kukaanga. Akachukua mfuko wa dripu, akaujaza maji, akautia ndani ya soksi, akaubandika mgongoni kwenye fulana, na mrija akaushikiza kwa kibanio cha nguo. Kampuni iliyozaliwa hapo ni CamelBak, na siku hizi viwanda vingi vinatengeneza vya namna hiyo hiyo.

Tena huenda nusu ya kifaa unayo nyumbani. Fungua lile begi lako la mtumba, lenye mikanda ya kifuani na kiunoni. Ndani, upande wa mgongo, mara nyingi kuna kifuko cha kitambaa kisicho na zipu, na juu yake kitanzi kidogo. Ukipapasa karibu na mshikio wa juu utakuta kitundu chenye ukingo wa mpira. Vijana hupitisha hapo waya wa kusikilizia muziki, kumbe kitundu kile ni cha mrija. Maana yake begi unalo, kilichobaki ni mfuko na mrija wake, navyo huuzwa peke yake.

Lakini mfuko wa maji wenyewe usichukue wa mtumba, hata ukipewa bure. Begi ni nguo, utalifua na kulianika. Mrija ulionyonywa na mtu usiyemjua, ukakaa na unyevu ndani ya robota miezi mingi, utausafisha vipi uridhike? Hata mpya, uutazame vizuri, maana rahisi huvunja upishi. Ukifika nao nyumbani ujaze maji, uufunge, uulaze juu ya gazeti na uuwekee kitu kizito kama gunia dogo la mchele, uache usiku kucha. Asubuhi gazeti likiwa limelowa pale mrija unapoungana na mfuko, rudisha dukani. Na ukinusa ndani ukapata harufu kali ya plastiki isiyotoka hata baada ya kusuuza mara kadhaa, hayo ndiyo maji utakayokunywa siku tatu.

Sasa, kila matembezi si ya mrija. Ukienda mapango ya Amboni, chupa mkononi inatosha. Ukitoka Lushoto mjini kwenda Irente kuitazama nyika ya Mazinde kule chini, chupa inatosha pia. Mfuko unapata maana pale unapobeba mzigo mgongoni saa nyingi, mkono mmoja una fimbo na mwingine unashika mizizi kwenye mteremko. Hapo chupa iliyo ndani ya begi ni sawa na chupa iliyobaki Tanga. Ili uinywe lazima usimame, uvue begi, ufungue, utafute, ufunge, uvae tena, na wenzako wameshapotelea kwenye kona. Kwa hiyo unasema nitakunywa mbele, na huko mbele unasema hivyo hivyo. Mrija unakuondolea kisingizio. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na kwa safari ya Mtae nakwambia kazi hiyo inastahili pesa yako.

Nunua wa lita mbili. Lita moja ya maji ni kilo moja, haipungui hata gramu kwa sababu umechoka. Wa lita tatu utakushawishi uujaze, na ukishaongeza nguo, sweta la baridi ya Lushoto na chakula, utaichukia milima kabla ya saa nne asubuhi. Kwa mwendo wa kawaida mtu huhitaji kiasi cha nusu lita kwa saa, zaidi kidogo jua likiwa kali au mlima ukiwa mkali. Lita mbili zinakupa kama saa nne, na njia hiyo inapita vijijini, utajaza tena. Usiende upande wa pili pia, ukanyonya mrija kutwa nzima kama mtoto. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi yanapunguza chumvi mwilini, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, zinafanana na za kukosa maji, ndiyo maana watu hukosea wakazidi kunywa. Kunywa mafunda mawili matatu kila baada ya muda mfupi, kula karanga zako na viazi vyako vyenye chumvi, basi.

Kiu yenyewe usiitegemee ikuamshe. Kule Lushoto mwezi wa sita na wa saba baridi inakufanya usahau kuwa una koo. Upande wa Amani nako, ukipanda kutoka Zigi ndani ya msitu, unyevu ni mwingi na jasho halikauki, linabaki kwenye nguo, wala hujui limetoka kiasi gani. Kipimo chako ni mkojo: ukiwa mweupe au manjano hafifu endelea na safari, ukiwa kama chai ya rangi umechelewa.

Kuna kasoro moja ya mfuko ambayo wauzaji hawaitaji. Huoni maji yaliyobaki. Unavuta kwa raha zako, mara mrija unakoroma, umekwisha, na kijiji kiko bonde la pili. Beba na chupa ya akiba ya lita moja, uiache imejaa mpaka siku mrija utakapokoroma. Chupa hiyo ina kazi nyingine: mtu akiharisha au akitapika njiani, ndiyo ya kuchanganyia ORS. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Usivichanganyie kwenye mfuko. Kwenye mfuko ni maji matupu, milele. Najua mtu wa Tanga na juisi yake ya ukwaju, lakini sukari ikiingia kwenye mrija, baada ya siku mbili unafuga ukungu. Soda ndiyo usiseme, gesi itaufutua mfuko na kidomo kikurushie usoni.

Kujaza nako kuna adabu zake. Jaza na uingize mfuko kwenye begi kabla ya vitu vingine, maana begi likishashiba mfuko hauingii. Ukishaufunga, ugeuze juu chini, unyonye hewa yote kupitia mrija mpaka maji yafike mdomoni. Mfuko usio na hewa hauchezichezi mgongoni kila unapopiga hatua. Kisha ufunge kifungio kidogo cha kidomo kama kipo. Hili nalisema kwa ajili ya basi. Ile barabara ya Mombo kwenda Lushoto mnaijua, kona juu ya kona, na kondakta amerundika mabegi, la kwako liko chini ya gunia la mtu. Kidomo kikibanwa mahali, kitamimina kimya kimya, na mtakapofika Soni utakuwa umenywesha nguo zako zote. Salama zaidi, panda gari mfuko ukiwa mtupu, ujazie Lushoto.

Kwa wenye mitandio: mrija upitishe chini ya mtandio na utoe ncha shingoni, usiuache juu. Ukiuacha juu utavuta kitambaa kila unapokunywa, utatembea kichwa kimeinama upande. Na pini, wadogo zangu, pini! Pini ya mtandio na mrija wa mpira haviishi nyumba moja. Kitundu kidogo tu, nawe unavuta hewa badala ya maji. Siku hiyo vaa mtandio wa kuvuta usiohitaji kubanwa.

Jua likiwa kali, maji yaliyo ndani ya mrija hupata moto kuliko ya mfukoni. Usiyateme, yapulize yarudi mfukoni ndipo uvute mapya. Kama unasikia kinyaa kupuliza, basi usimpe mwenzako kidomo chako. Najua kwetu kumnyima mtu maji ni aibu. Mmiminie kwenye kikombe chake, umetimiza ukarimu wako na hukumgawia mafua.

Maji utayatoa wapi? Hapa naomba mtulie. Watu hudhani maji ya mlimani ni safi kwa sababu ni baridi na yanameta. Hata maji ya bombani Tanga mjini yanatoka mlimani: Mto Zigi unashuka kutoka Usambara Mashariki, unaingia bwawa la Mabayani, yanasafishwa, ndipo yanafika kwako. Yanasafishwa kwanza. Sasa wewe Lushoto utasimama kwenye kijito kizuri bondeni, juu yake kuna bustani za kabichi, nyanya na karoti, zile zinazolisha masoko mpaka Dar es Salaam. Mboga zile zinapigwa dawa. Kuchemsha kunaua vijidudu, na vidonge vya kusafishia maji vinaua vingi, lakini dawa ya shambani haiondoki kwa moto wala kwa kidonge. Kwa hiyo kijito kilichopita mashambani kiache kipite. Omba bomba la kijiji, au kisima cha watu, au maji ya nyumba ya wageni unapolala, na bado uyatibu. Ukifika tu jioni waombe wenyeji wakuchemshie, yatokote vizuri dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000 iwe dakika tatu, maana huko juu maji hutokota kabla ya kupata moto wa kutosha. Yaache yapoe usiku, ujaze asubuhi. Usimimine ya moto mfukoni, mishono italegea. Kwa vidonge fuata maandishi ya pakiti, kwa sababu kingine ni cha ndoo nzima ya lita 20, ukikitumbukiza kwenye lita mbili utakunywa dawa ya bwawa la kuogelea. Na ukienda kuchota, usiingize miguu kwenye maji yaliyotuama, hasa huku chini Muheza na mwambao. Kichocho hakisubiri unywe, kinapita kwenye ngozi.

Ukirudi nyumbani ndipo mifuko mingi inapokufa. Mtu anatupa begi nyuma ya mlango, anasema nitaosha kesho. Kwa unyevunyevu wa Tanga, kesho nyingine utaona madoa meusi ndani ya mrija, na hayo hayatoki kwa kusuuza. Osha siku hiyo hiyo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kidomo ukivue ukioshe peke yake. Mrija unahitaji kusuguliwa ndani: kama huna brashi ndefu ya kazi hiyo, chukua uzi imara wa kuvulia, ufunge kipande kidogo cha kitambaa safi mwishoni, upitishe uzi kisha uvute kitambaa kitoke upande wa pili. Suuza, halafu ning'iniza mfuko ukiwa mdomo wazi, na kijiti safi ndani ili kuta zisigandamane. Ukishindwa kuukausha, na masika ya mwambao mnayajua, ukung'ute, uutie kwenye friza. Ukungu hauoti kwenye barafu. Mama mkwe atauliza ni kitu gani kile karibu na samaki. Mwambie ni changu, kina bei.

Kwa wanaofikiria Kilimanjaro msimu wa Uhuru, Desemba 9, nina neno moja tu. Mfuko ni mzuri sana siku za mwanzo, tena chupa za plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi mlimani. Ila usiku wa kuelekea kileleni, kwenye mita 5,895, mrija ndio unaoganda mwanzo. Kila ukinywa, puliza maji yarudi mfukoni na mrija uuweke ndani ya koti. Beba na chupa ngumu ndani ya soksi nene, ikiwa kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu.

Haya. Sasa mstari wako wa mwisho.

Mdogo wangu, wewe unaweza kununua mfuko wa bei kubwa kuliko yote, ukabeba lita mbili mpaka Mtae, ukarudi nazo. Wanawake wengi wanafanya hivyo. Tulianza shuleni, vyoo havina mlango, tukajifunza kubana. Tukaendelea kwenye mabasi, dereva anasimamisha watu wachimbe dawa, wanaume wanashuka wote, sisi tunatazama dirishani kama hatuna kibofu. Kwenye basi utateseka saa kadhaa, utafika. Mlimani hali ni nyingine. Asiyekunywa, siku ya kwanza jioni kichwa kinamgonga, siku ya pili misuli ya miguu inakaza na miguu inatetemeka kwenye mteremko, na mteremko wa Usambara si mahali pa miguu kutetemeka. Juu ya hapo unajialika U.T.I. kwa kubana na kwa kutokunywa, vyote viwili pamoja.

Dawa yake unayo kabatini, tena doti nzima. Kanga moja ifunge kiunoni juu ya suruali kabla hujateremsha chochote, kisha suruali uishushe ndani kwa ndani na uchuchumae. Kanga inakuzunguka mpaka chini, haonekani mtu. Ya pili mwenzako aishike kwa mikono miwili kuelekea njiani. Kwa nguo za kitenge cha kushonwa au dera ni rahisi zaidi, lakini dera mlimani linakukwaza. Nenda hatua kama sabini mbali na kijito, na usiingie kwenye matuta ya kabichi ya mtu. Penye nyumba karibu, piga hodi kwa adabu, omba choo.

Najua pia kinachowazuia wengi wenu si kuonekana tu, ni maji ya kuchambia. Beba chupa ndogo ya nusu lita kwa kazi hiyo peke yake, uifunge kitambaa chekundu shingoni ili asitokee mtu akaikamata gizani akainywa. Hiyo haihitaji maji ya kuchemsha, bomba lolote safi linatosha. Weka na kipande cha sabuni. Ukiwa kwenye siku zako, ongeza mfuko mweusi unaofungwa vizuri, ulichotumia urudi nacho humo mpaka penye shimo la taka.

Na mwongozaji wenu wa njiani mwambieni mapema kwamba mtasimama kwa haja, bila kung'ata maneno. Hiyo ni kazi yake, amekwishaongoza wanawake wengi, na yeye mwenyewe ana koo na kibofu. Muulizeni pia kama ana maji ya kutosha, maana mara nyingi yeye ndiye anayetembea na kichupa kimoja.

Kwa hiyo mfuko nunua, lita mbili, mpya. Lakini kabla ya kwenda dukani, andika leo kwenye kundi lenu la WhatsApp, mapema kabla hamjalipa nauli: tutasimama kila baada ya saa moja kuchimba dawa, wanawake kwanza. Usiandike kwa kuomba ruhusa, andika kama ratiba. Atakayelalamika kwamba mnamchelewesha, atangulie.